Jina Lililoshonwa Kwenye Kava

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa nikitaka kujisifu ninacho cha kujisifia: niliishia darasa la nne, na leo nina duka Katesh, nina duka Mbulu mjini, na nina nyumba ya wageni ambayo kila kitanda chake nimekivalisha kwa mikono yangu. Nimefungua mabelo ya mitumba nikakuta meno ya bandia ndani ya foronya. Nimekuta nywele za mtu zimesukwa vizuri na kufungwa utepe. Nikaweka pembeni, nikaendelea kupanga bei. Lakini mwezi uliopita tulikwenda Nangwa kumzika Shangazi Theresia, shangazi wa mke wangu, na wanawake wakaniita chumbani. Walitaka nichague mimi kava la duveti la kutandika kitanda ambacho marehemu angelazwa watu wakipita kumuaga, maana katika ukoo ule mtu wa maduveti ni mimi. Wakaweka matatu mbele yangu. Nikachukua la kwanza, na kabla sijaangalia hata rangi, mikono yangu ikaligeuza ndani nje na vidole vikaanza kupapasa mshono, pembe hadi pembe. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, akaniuliza taratibu kama anayeuliza habari za mvua, "Baba, mpaka leo bado unatafuta jina?" Nikamwamkia, shikamoo bibi, akaitikia, nami nikaendelea kupapasa mpaka nikamaliza pembe zote. Halafu nikachagua la kijivu.

Sasa nieleze, kwa sababu vijana waliokuwa mlangoni walicheka, wakadhani mzee Marseli ana wazimu wa biashara. Mwaka ninaousema ni ule niliooa. Nilikuwa nimepanga chumba Katesh, nyuma ya duka la Bi Mwajuma, mama mmoja Mrangi aliyekuwa anauza vitambaa na kushona mapazia. Chumba changu kilikuwa na ukuta wa rangi ya bluu uliobanduka chini kwa unyevu, dirisha moja linalotazama mlima, na mlango ambao upepo wa mwezi wa saba ulipita chini yake ukileta vumbi laini kama unga. Kitanda nilichongewa na fundi wa Gitting, tano kwa sita, mbao nzito kiasi kwamba kukiingiza ndani tulilazimika kung'oa fremu ya mlango. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka minadani, Katesh, Haydom, Dongobesh, nikiuza vitu vya kitandani tu. Wenzangu waliuza suruali na viatu wakanicheka, wakaniita Bwana Usingizi. Wako wapi leo? Wawili kati yao ninawapangisha vibanda.

Bi Mwajuma ndiye aliyenifundisha kava, na alifundisha kwa matusi. Mchana nilikuwa ninakula kwake makande yaliyopikwa na maziwa, na huku tunakula ananirushia kitambaa magotini na kuniuliza hiki ni nini, nikikosea ananiambia nikauze mbuzi. Alinifundisha kulinyanyua kava kwenye mwanga: ukiona vidole vyako upande wa pili, halitavuka mwaka. Alinifundisha kulisugua sikioni, kwa sababu pamba iko kimya, lakini la nailoni linalalamika, na huku kwetu kiangazi linatoa hata cheche ukilivuta. Kava liwe kubwa kuliko duveti kidogo sana. Likizidi, duveti linateremka lote miguuni na juu mtu anabaki amejifunika vitambaa viwili vitupu na baridi ya mlima. Ndani ya kila pembe pawe na kamba ya kufungia, na vifungo vikae upande wa miguu visimkwaruze mtu kidevu. Na rangi: jeupe ni la mwenye bomba ndani ya nyumba, jeusi linaonyesha kila unyoya, lakini lenye maua madogo madogo linaficha vumbi mpaka Jumamosi ya kufua. Hata leo wasomi wenye hoteli zao wananipigia simu kuniuliza haya. Ninawatoza.

Basi miezi michache kabla ya harusi nilifungua belo, na ndani nikakuta kava ambalo sijapata kuona jingine kama lile. Pamba nzito, baridi mkononi, rangi ya maziwa, na maua madogo ya bluu kama yale yanayoota pembeni mwa mashamba ya ngano Gendabi. Kamba nne ndani, vifungo vya mfupa upande wa miguu. Nililinyanyua kwenye mwanga sikuona kidole. Nililisugua sikioni, kimya. Na kwenye mshono wa ndani, karibu na vifungo, palikuwa na kipande cha utepe mweupe chenye herufi nyekundu. Nikajua hiyo ni kampuni. Hata sikuisoma yote, niliona inaanza na G, nikawatangazia watu mnadani kwamba nimepata kava la kampuni kubwa ya Ulaya na siliuzi, ni la kitanda changu cha ndoa. Paskalina, mchumba wangu, alipopita na mama yake kununua sukari nilimwonyesha. Alilishika upindo tu, mama yake yuko pale, akasema, "Hili ni zuri." Kwa Paskalina hayo yalikuwa maneno mengi.

Kwao ilikuwa desturi shangazi wa bibi harusi aje kukagua chumba na kutandika kitanda kwa mkono wake mwenyewe, na kikishatandikwa hakiguswi mpaka maharusi waingie. Shangazi Theresia akaja kutoka Nangwa na wanawake wawili, wamebeba maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Ujanani alikuwa amefanya kazi ya kufua mashuka katika hospitali ya masista, akaondoka na magoti mabovu na tabia ya kunusa kila kitambaa. Niliwapa wali na nyama, nikakaa nje kama inavyotakiwa, lakini mlango ule haukuzuia kitu. Niliwasikia wakisifu kitanda, wakicheka kwamba bwana harusi amejiandalia meza ya mkutano. Halafu kicheko kikakatika. Shangazi akaniita.

"Mwanangu, hili umetoa dukani au ni kafa ulaya?"

Hilo ndilo jina la zamani la mitumba, tangu watu walipoamini kwamba kila nguo inayotoka huko mwenyewe amekufa. Nilikuwa silipendi, linaharibu biashara. Nikamwambia, shangazi, siku hizi tunasema mtumba.

"Nimeuliza lilikotoka, sikuuliza linaitwaje. Hapa kuna jina."

"Hiyo ni kampuni, shangazi."

"Kampuni inashona kwa mkono?" Alikuwa amekwisha kuligeuza, kidole chake kiko juu ya ule utepe. Miwani hakuja nayo. "Haya, nisomee."

Nikainama. Zile herufi zilikuwa zimefuatana vibaya, midomo yangu ilikataa, na wale wanawake wawili walikuwa wananitazama. Nikasema ni Kijerumani, hakisomeki hivi hivi. Akauliza, mwenye jina yuko wapi sasa hivi? Nikajibu yuko kwao, amenunua jipya. Wanawake wakacheka. Shangazi hakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba pale hospitalini waliwashonea majina kwenye mashuka wagonjwa wasioweza tena kukumbuka shuka lao. "Mtu wa namna hiyo, mwanangu, hanunui jipya." Akalikunja, akaliweka juu ya sanduku, akasema yeye mkono wake hautalitandika. Mimi sikuwa mtu wa kupangiwa kitanda changu. Nikalichukua, nikatandika mwenyewe mbele yao, nikafunga kamba zote nne, nikalaza maua sawasawa mpaka kitanda kikaonekana kama cha kwenye kalenda. Shangazi alisimama akitazama mpaka nimemaliza. "Sawa," akasema, "mkono uliotandika ni wako."

Tuliishi vizuri. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali, mlima ulifunikwa mpaka mchana, na chini ya lile kava ulikuwa hutamani kuamka. Paskalina akapata mimba. Kisha asubuhi moja, ninakunywa chai, akaniuliza kama ni mimi ninayechomeka kava upande wake. Nikauliza kuchomeka vipi. Akanionyesha: upande wangu limevurugika kama kawaida, upande wake limenyooshwa na kuchomekwa chini ya godoro, pembe imekunjwa kwa mkato, kama kitanda cha wodini. Nikamwambia anafanya mwenyewe usingizini. Siku nyingine akaniambia, huku anachambua maharage wala hanitazami, kwamba anamwota mwanamke mzee mwenye sauti ya upole anayeongea lugha ya kwao ambayo Paskalina haielewi, lakini si kwa hasira, kama jirani aliyekuja kuulizia beseni lake. Alikuwa anasimama miguuni, penye vifungo. Nikacheka. Kesho yake nikalivua, likafuliwa, nikaliweka kwenye mzigo wa Dongobesh, na likanunuliwa kabla sijalikunjua lote. Aliyelinunua ni Mama Petro, mwenye genge la supu pale mnadani, mama mnene, mcheshi, ambaye kwake nilikula kongoro na chapati kila nikifika. Alisema mama yake mzazi anasumbuliwa na baridi. Nikatandika kitanda chetu kava la maruni, la zipu.

Mtoto akazaliwa masika, msichana, mzima, mzito. Akalala kama watoto wanavyolala. Halafu akaanza kulia. Sijui nielezeje kwa mtu ambaye hajakisikia kilio kile. Hakikuwa cha njaa wala cha tumbo, kilikuwa cha kuita, kinapanda, kinasimama kidogo kama anayesikiliza kama ameitikiwa, kisha kinaanza tena. Tulimpeleka hospitali. Daktari, kijana mstaarabu, alimtazama masikio, alimbonyeza tumbo, akatupa dawa ya matone na kusema hajaona ugonjwa. Mtoto akaacha kunyonya vizuri. Mapaja yaliyokuwa yamejaa yakaanza kulegea, ngozi ikakunjamana kama soksi kubwa. Bi Mwajuma, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, alikuwa anapita mlangoni kwetu amenyamaza. Wateja wakaacha kukaa barazani. Mimi niliyekuwa ninazima ugomvi wa mnada mzima kwa sauti yangu, nilikuwa ninakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa uani, nimeshika chai inapoa, ninasikiliza mwanangu wa kwanza akiisha.

Shangazi Theresia akaja, akamshika, akasema kile ambacho kila mama mtu mzima kwetu angekisema: mtoto analilia jina. Kuna aliyetangulia anataka aitwe, na mtoto hatatulia mpaka aitwe jina lake. Wakaketi chumbani mchana, dirisha wamelifunga, wakaanza kumwita. Waliita majina ya bibi zake wote wa upande wa Paskalina, waliozikwa Nangwa, mpaka wa zamani ambao hakuna aliyewaona. Waliita wa kwetu. Kila jina wanalitaja sikioni, wanasubiri, anasimama kidogo, anaendelea. Yakaisha. Mtoto bado analia. Shangazi akainua macho akanitazama mimi niliyesimama mlangoni.

"Kuna jina moja hatujaliita. Liko wapi lile shuka?"

Nikamwambia nililiuza. Akauliza jina. Nikasema linaanza na G. Nilidhani atanipiga. Badala yake wakaanza kubahatisha, Getruda, Gaudensia, Grasiana, Glori, Godeliva, na mimi nimesimama pale, mtu wa darasa la nne, nikiziona zile herufi nyekundu machoni kabisa na nisiweze kuzitamka. Paskalina, mgongo umeegemea ukuta wa bluu, akasema bila kupandisha sauti, "Nenda ukalisome, Marseli. Herufi moja moja. Usiiache hata moja."

Nikapanda lori la wachuuzi, tukapita Basotu na Haydom, nikafika Dongobesh mchana wa siku isiyokuwa ya mnada. Genge limefungwa. Nikaelekezwa nyumbani. Mama Petro alinipokea kwa utani, akauliza Bwana Usingizi leo amelala njiani au vipi, akanikaribisha viazi. Sikugusa. Nikamwambia ninataka kuona lile kava, kuna jina limeshonwa ndani. Akataka kujua jina la nini, nikamweleza. Nikiwa ninaeleza uso wake ukawa unabadilika, utani unatoka kidogo kidogo mpaka ukaisha.

"Umeniuzia mtu," akasema. "Marseli, mimi nilikulipa hela ya shuka, wewe ukaniuzia mtu. Na nimemlaza na mama yangu."

Mama yake alikuwa chumba cha nyuma, karibu na jiko, penye joto. Kibibi kidogo, kimebaki macho. Kava liko mpaka kidevuni, na niliona mara moja, kabla ya kumwamkia, kwamba limechomekwa pande zote, pembe zimekatwa kama za wodini. Nikasema shikamoo bibi. Akaitikia marahaba, sauti ina nguvu kuliko mwili. Mama Petro akashika upindo alivue, na hapo kibibi akaweka mkono juu ya mkono wa mwanaye.

"Mwache. Tumeshazoeana."

Mama Petro akageuka akaanza kulia. Mimi nikapiga magoti miguuni mwa kitanda, nikafungua kifungo kimoja, nikaligeuza mpaka nikapata utepe. Nikasoma. Bibi akanitazama muda wote, akaniambia polepole, kama anayenipa ruhusa ya kuchota maji, "Jina lichukue. Yeye mwache hapa." Nikatoka nikapanda kilima kilichokuwa nyuma ya zizi lao, ambako simu zilikuwa zinashika mtandao, ninarudia herufi kwa sauti nisizipoteze, G, U, D, R, U, N. Paskalina akapokea, na nyuma yake ninakisikia kile kilio. Nikamtajia moja moja. Akaziunganisha yeye, aliyefika darasa la saba. Nikamsikia akiinama, nikasikia akisema sikioni mwa mtoto, taratibu, "Gudruni." Kilio kikakatika. Si kama kilivyokuwa kinakatika siku zote, kidogo kisha kinaanza. Kilikatika kabisa. Nikaita Paskalina, Paskalina, na simu yangu ikazima, chaji imekwisha.

Watu wa siku hizi watasema ungeazima simu nyingine. Niliazima. Lakini namba ya mke wangu ilikuwa ndani ya ile iliyozima, na kichwani sikuwa nayo. Kwa hiyo njia nzima kurudi nilikuwa nao ule ukimya sikioni, nikiugeuza huku na huku kama kitambaa, nikijaribu kujua ni wa aina gani. Mtoto anaponyamaza hivyo amelala, au amekwenda. Dereva alinipa karanga, akanisimulia kuhusu ng'ombe zake, nikaitikia. Lori lililala Haydom. Tuliingia Katesh asubuhi, mlima wote umefunikwa, na nilipokata kona ya duka la Bi Mwajuma niliona wanawake wamekaa uani kwangu juu ya mkeka, khanga mabegani, hakuna anayeongea. Wanakaa hivyo kwenye msiba. Nimepita mengi maishani, nimeibiwa, nimechomewa kibanda, lakini umbali kutoka kona ile mpaka mlangoni ndio mrefu kuliko wote niliotembea. Bi Mwajuma akaniona, akainua kidole akakiweka mdomoni. "Ole wako umwamshe," akasema. Ndani Paskalina alikuwa amelala ameketi, na mtoto yuko kifuani, ananyonya usingizini.

Habari ya Dongobesh ikaja wiki hiyo hiyo. Mama yake Mama Petro alikuwa amefariki, mchana ule ule nilioondoka, kabla jua halijazama. Mama Petro mwenyewe alinipigia, hana hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alisema baada ya mimi kuteremka kilimani mama aliangaza chumba chote akauliza yule aliyekuwa hapa amekwenda wapi, akauliza tena, kisha akasema anasikia baridi. Wakamwekea jiko, wakamwongezea blanketi. Baridi haikuisha. Wazee wa pale walikaa wakasema anayechukua jina kutoka kwenye kitanda cha mgonjwa hachukui bure, alete mtamba, na kava marehemu azikwe nalo. Bi Mwajuma aliposikia alisema huo ni wizi mtupu, bibi alikuwa na miaka yake, nisitoe hata kwato. Shangazi Theresia alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni. Hakugeuka. "Nenda," akasema, "na usipunguze bei."

Gudruni yuko kidato cha tatu sasa, mrefu kuliko mama yake, na jina lake halipendi, wenzake wanamtania. Anatandika kitanda chake mwenyewe tangu akiwa mdogo. Pembe anazikata, na hakuna aliyemfundisha. Mimi sisemi kitu, wala Paskalina hasemi. Gudruni alikuwepo Nangwa siku ya mazishi, alikuja kunisaidia kulaza lile la kijivu juu ya kitanda cha shangazi, na nilipomwona anachomeka upande wake nilitoka nje nikasimama penye upepo. Watu husema hizi ni imani za zamani, na mimi ni mfanyabiashara, ninajua kitu kilichofuatana na kingine si lazima kiwe kimekizaa. Lakini mwaka ule nilikwenda mnada wa Katesh, nikachagua mtamba mwekundu asiye na dosari, na mimi ninayeomba punguzo hata la chumvi nikalipa alichotaja muuzaji. Mtamba, nafasi yake kwenye lori, na kijana aliyemswaga mpaka kwa Mama Petro: shilingi laki tatu, elfu arobaini na saba na mia tano.